Ng'ombe Mmoja Kwenye Grafu

Mada ya mwisho katika hesabu za kidato cha nne ilikuwa linear programming, na sikumbuki hata mwaka mmoja niliofika hapo nikiwa na nguvu. Ilitukuta mwezi wa sita, mtihani wa mock ukiwa mlangoni, mimi nikiwa na vipindi ishirini na nane kwa wiki, madaftari ya wanafunzi hamsini na watatu juu ya meza, na koo lililokauka kwa chaki. Shule yetu ya kutwa ilikuwa karibu na Litein, ukifuata barabara ya kwenda Kapkatet, na huko karibu kila siku baada ya chakula cha mchana mvua ilikuja. Ikipiga mabati, hakuna aliyesikia neno. Nilikuwa naandika ubaoni, nageuka, nanyoosha kidole, naandika tena. Sehemu kubwa ya miaka ya tisini niliimaliza hivyo, nikifundisha kwa vidole.

Kwa asiyeijua, mada yenyewe si ngumu. Unapewa hadithi fupi ya mtu anayetaka faida kubwa kadiri inavyowezekana. Unayageuza maneno yake kuwa masharti, kila sharti linakuwa mstari kwenye karatasi ya grafu, na kila mstari unautia kivuli upande usioutaka. Kile kipande cheupe kinachobaki katikati ndicho pekee mtu wako anachoruhusiwa. Kisha unaisukuma rula polepole mpaka kona ya mwisho ya kile kipande cheupe. Jibu liko konani. Nililipenda hilo zamani, nilipokuwa chuoni na sijachoka: kwamba maneno mengi ya mtu yanaweza kuishia kwenye nukta moja.

Maswali ya kitabuni yalikuwa ya viwanda vya viti na meza. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuona kiwanda cha viti. Kwa hiyo mwaka mmoja nikajiona mjanja, nikatunga swali langu mwenyewe. Mkulima ana ekari nne. Anaweza kupanda chai, anaweza kufuga ng'ombe, na kila ng'ombe anahitaji nusu ekari ya malisho. Nikaweka na masharti mengine mawili ya kazi na muda, nikaweka faida ya kila upande, nikawaambia wachore. Jibu lilikuwa wazi kabisa: chai ekari nne, ng'ombe sufuri.

Darasa zima likacheka. Si kicheko cha utundu, ni kile cha mtu aliyesikia upuuzi.

"Madam," kijana mmoja wa mbele akasema, "sasa huyo mtu atakunywa strungi?"

Strungi ni chai isiyo na maziwa, na katika nyumba za huko kumpa mgeni strungi ni karibu sawa na kumwonyesha njia ya kurudi alikotoka. Nikacheka nao kidogo. Nikawaambia mkulima wa kwenye swali hana mgeni, hana mke, hana kiu, ana ekari nne tu na hamu ya faida. Wakaandika sufuri, wakinung'unika. Wote isipokuwa msichana mmoja.

Alikaa karibu na dirisha, mrefu, mkimya, penseli yake imechongwa kama sindano. Mistari yake ilikuwa mizuri kuliko yangu ya ubaoni. Lakini kwenye grafu yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi ambao mimi sikuutoa, umelala chini, ukisema ng'ombe wasipungue mmoja. Na jibu lake, kwa mstari huo, lilikuwa sahihi kabisa: chai ekari tatu na nusu, ng'ombe mmoja.

"Hili sharti umelitoa wapi?"

"Hiyo moja haiwezi toka, madam."

"Nani amesema?"

Akainamisha kichwa. Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikaenda dawati la pili.

Lazima niseme mimi ni nani, maana kosa lake na langu yanatoka hapo. Nilizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai. Wazazi wangu walikuja kutoka nyanda za juu za magharibi kabla sijazaliwa, na mama alichuna majani ya kampuni mpaka vidole vikawa vyeusi na havikutakata tena. Tulikuwa na chumba kimoja na jiko. Kufuga hata kuku kulikatazwa. Chai ilikuwa imetuzunguka mpaka macho yanapoishia, na hakuna kichaka hata kimoja kilichokuwa chetu. Kwa hiyo mtu kuwa na ng'ombe sufuri hakukunishangaza. Kwetu sufuri tuliizoea.

Msichana yule alitaka kuwa muuguzi. Hakusema sana, lakini hilo alilisema. Alikuwa ameandika barua kwa chuo cha uuguzi cha hospitali moja ya misheni, wakamtumia fomu, akaja nayo ofisini akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Masomo mengine alikuwa nayo. Biolojia ilikuwa nzuri, Kiswahili kizuri. Chini ya fomu waliandika: hesabu, C. Siyo C ya kupungukiwa, yaani C minus, bali C kamili. Kwao nyumbani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kidato cha nne, na baba yake alishasema kwamba mwaka unaofuata atamwachia mdogo wake nafasi ya shule. Hakukuwa na kurudia darasa. Ilikuwa apate C mara ile moja, au basi.

Nilimjua. Kwenye logi alikuwa anabahatisha. Vekta zilimtisha. Maswali ya latitudo na longitudo yalimfanya atokwe na jasho. Lakini sehemu ya pili ya mtihani ilikuwa na maswali manane, unachagua sita, na moja kati ya hayo manane mara nyingi sana lilikuwa la kuchora mistari hii. Alama nane. Kwa mtu mwenye mkono kama wake, alama nane hizo zilikuwa kama zimeshawekwa mezani. Nilipiga hesabu mara nyingi: akizipata hizo, C anaifikia. Asipozipata, haifikii. Nikamwambia hivyo, bila kuzungukazunguka, na akanielewa.

Tukaanza kukutana Jumamosi asubuhi, yeye na wengine wanne. Nilimpa swali la maboti, akalifanya vizuri. La waokaji mikate, vizuri. Nikimpa lolote lenye mkulima na mifugo, ule mstari wa chini unarudi. Ng'ombe mmoja. Nikafuta. Nikaeleza. Akatingisha kichwa kukubali, na Jumamosi iliyofuata yule ng'ombe amesimama palepale. Nilianza kumchukia mnyama ambaye hayupo. Nilijua ni ujinga, na bado nilimchukia. Nilidhani msichana ana kiburi, kwamba ananipima.

Mwishowe nikamwita baba yake. Alikuja Jumatano, moja kwa moja kutoka kituo cha kuuzia majani ya chai, gambuti zimejaa tope na koti la mvua la plastiki mkononi. Tulisalimiana chamgei, nikamkaribisha kiti, nikamfungulia daftari. Alilitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na hakuona aibu kuuliza.

"Mwalimu, huyu mkulima ya kwa swali. Hiyo ng'ombe ni ya nani?"

"Ni yake."

"Yote?"

"Yote, mzee."

Akatabasamu kidogo, kama mtu anayemvumilia mtoto. "Hakuna mtu ako na ng'ombe yake yote kwake."

Akanieleza. Yeye alikuwa na ng'ombe wake wawili, lakini hawakuwa kwake. Walikuwa kwa rafiki yake kule Sigor, wanamnywesha rafiki maziwa na kumtilia mbolea, na ndama wakizaliwa ni wake yeye mwenye ng'ombe. Na pale kwake kulikuwa na ng'ombe wa mtu mwingine, aliyekuja tangu msichana huyu akiwa mdogo. Kimanagan, akaiita. Unaweka ng'ombe wako kwa watu mbalimbali, na wewe unawekewa wa watu.

"Ukiweka yote pahali moja, ugonjwa ikikuja inamaliza. Hiyo yenye iko kwangu, mimi nakunywa maziwa, lakini si yangu. Nikisema nimetoa juu ya majani chai, nitaambia mwenyewe nini? Huyu mtoto anajua. Ndiye anakamua hiyo."

Nilikuwa nimefundisha katika nchi hiyo miaka saba, nimezaliwa kilomita chache kutoka pale, na sikuwa nimewahi kuisikia. Wanangu wa darasani walijua na hakuna aliyeona haja ya kuniambia, kwa sababu nani haijui? Niliona aibu, na nilipoona aibu nikawa mkali. Ndivyo nilivyo, au ndivyo nilivyokuwa. Nikamwambia baba kwamba nimemwelewa vizuri, ila wanaosahihisha mtihani wanakaa Nairobi, na wao hawana rafiki Sigor.

"Hiyo ni kweli," akasema. Akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni. "Sikia mwalimu. Andika vile anasema."

Wiki mbili baadaye tukafanya mock. Wiki hiyo mtoto wangu wa mwisho alikuwa amelazwa kwa surua, mume wangu alikuwa kazini mbali, na mwalimu mkuu alikuwa amenisimamisha koridoni kuniuliza kwa nini wastani wa hesabu wa shule unashuka kila mwaka kama maji. Nilisahihisha karatasi zile nikiwa nimeegemea ukuta wa wodi ya watoto. Nilipofika kwa karatasi yake, nikaona swali la mkulima wa mahindi na maziwa. Mistari safi. Kivuli safi. Na chini, ule mstari mwembamba. Alikuwa ameuchora, akaufuta, akauchora tena. Alama za kufutwa zilionekana.

Alama tatu kati ya nane. Ningeweza kuona kwamba alijaribu. Sikutaka kuona.

Siku ya kurudisha karatasi nilisimama mbele ya darasa, nikainua ya kwake juu wote waione. Nikasema kuna mtu humu anayetaka kwenda chuo pamoja na ng'ombe wake. Wakacheka. Nikamwambia, kwa sauti ile ambayo hata leo nikiikumbuka naona vibaya, "Kama utaniwekea ng'ombe kwenye mtihani wa taifa, heri uliruke hilo swali kabisa. Chukua lingine. Usiniaibishe."

"Ndiyo, madam," akasema. Akapokea karatasi yake kwa mikono miwili, akaketi.

Sikulifikiria tena neno hilo. Mwalimu husema maneno mengi kwa siku, na mengi yanamwagika chini. Likizo ya Agosti tulikuwa na masomo ya ziada, nikawapa maswali matatu ya mada ile, mawili yakiwa ya wakulima. Msichana aliyafanya yote matatu bila kosa. Sufuri aliiandika pale ilipotakiwa sufuri. Niliweka tiki, nikageuza ukurasa, nikaenda kwa daftari lililofuata. Niliona kwamba ameweza, moyo wangu ukatulia, na sikumwambia. Ingenichukua muda gani? Nilikuwa nimechoka, na nilidhani tiki inatosha.

Siku ya karatasi ya pili ya hesabu, katika mtihani wa taifa, sisi walimu wa somo hatukuruhusiwa kukaribia chumba cha mtihani. Nilizunguka karibu na tangi la maji nikijifanya nahesabu madawati yaliyovunjika. Walipotoka, nikaomba karatasi ya maswali kwa msimamizi, nikaifungua hapohapo nikiwa nimesimama. Na lilikuwepo. Malori ya aina mbili yanabeba saruji, idadi fulani ya madereva, idadi fulani ya safari, utafute gharama ndogo kabisa. Hakuna mkulima. Hakuna mnyama wa aina yoyote. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Siku hiyo nilikula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Nilimwona akipita na wenzake, mkoba kichwani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. "Ilikuwaje?" nikamwuliza.

"Ilikuwa sawa, madam," akasema, akakimbia.

Matokeo yalifika mwaka uliofuata, mwishoni mwa mwezi wa pili. Mwalimu mkuu aliyabandika kwenye mlango wa ofisi. Nilitafuta jina lake kabla ya kutafuta wastani wa somo langu. Biolojia, B. Kiswahili, B. Hesabu, C ya kupungukiwa, C minus. Hatua moja. Nilisoma mstari ule kwa kidole, kutoka jina mpaka alama, mara mbili, nikidhani nimeteleza nikasoma wa mtu mwingine.

Alikuja kuchukua karatasi yake ya matokeo siku tatu baadaye. Alikuwa amevaa gambuti za baba yake na leso kichwani. Ilikuwa siku ya kuchuna na alikuwa ametoka shambani. Ofisi ya walimu haikuwa na mtu mwingine. Nikamwambia aketi. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani.

"Lile swali la malori," nikasema. "Ulikosea wapi?"

"Sikufanya, madam."

"Muda uliisha?"

"Hapana. Nilifanya ya longitudo."

"Longitudo! Wewe, longitudo? Kwa nini?"

Akatazama mikono yake. Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwenye ncha. "Si ulisema niruke? Nilisoma, nikaona ni ile. Nikaogopa nitaweka kitu chenye hawajasema, nikuaibishe."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, mimi ni hodari wa kujitetea. Alisema kama anayetoa taarifa ya kazi aliyotumwa na akaifanya.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya baadaye. Nilivuta droo nikatoa karatasi ya maswali, nikatoa karatasi ya grafu na rula. Nikamwambia, "Fanya sasa." Labda nilitumaini atakosea. Ndiyo, nalisema: nilitumaini atakosea, kusudi nisiwe na deni naye.

Alinawa mikono kwenye beseni la pembeni, akaikausha kwa leso. Akachonga penseli kwa wembe. Alisoma swali mara moja, akaandika masharti manne moja chini ya lingine, akayatazama kidogo, akaanza kuchora. Nje walikuwa wakipita watu wenye vikapu mgongoni kuelekea kituoni. Hakuinua kichwa. Akatia kivuli kwa mistari myembamba iliyolingana, kikabaki kile kipande cheupe, kidogo, safi. Akaweka rula, akaisukuma polepole kwa vidole viwili. Malori makubwa sita, madogo manne. Hakutumia hata dakika ishirini.

Nikachukua kalamu nyekundu. Hapakuwa na haja ya kusahihisha, lakini mkono ulishazoea. Nikaweka tiki nane, nikaandika chini nane kwa nane.

"Ni sawa, madam?"

"Ni sawa. Ni sawa yote."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na sikuwa nimewahi kumwomba mwanafunzi msamaha. Sikujua hata mtu anaanza na neno gani. Nikaanza kupanga vitabu juu ya meza. Yeye akaikunja ile karatasi ya grafu mara nne, akaiweka ndani ya bahasha pamoja na matokeo yake, akasimama, akaifunga leso vizuri.

"Asante kwa kunifunza, madam," akasema, akanipa mkono, akaenda kumalizia kuchuna.